Mgahawa ukipoa, tatizo si ukuta kila mara
Wenye migahawa wengi Mtwara huamini kwamba wateja wakipungua, ukumbi umechakaa: paka rangi, badili viti. Lakini mji huu unakula kwa msimu. Minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi, pesa huzunguka. Machi hata penye pilau tamu hupoa. Fungua daftari, linganisha Machi na Machi iliyopita, si na Novemba. (Angalia na Ramadhani, maana huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka.) Kisha kalia kila kiti, hasa kile cha pembeni wanachokikwepa. Meza inayumba? Upepo wa feni haufiki? Mhudumu anapita kiubavu na sinia? Hapo ukumbi ndio unaodai. Mimi ningeanza na seremala, rangi baadaye.