Magugu maji: yanayosemwa mwaloni na yaliyo chini ya maji

Mtu akisikia kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza mimea vamizi ya majini, picha inayomjia ni ile ya runinga: mzamiaji mwenye mtungi mgongoni anapita katikati ya misitu ya kelpu. Kelpu ni mwani mkubwa wa bahari ya baridi, kama ya California au Afrika Kusini. Ziwani kwetu Victoria haupo na hauwezi kuota. Isitoshe, katika Ghuba ya Mwanza hata ukizama huoni kitu. Kile kisahani cheusi na cheupe cha kupimia uangavu wa maji, ukikishusha kwa kamba, mara nyingi kinapotea kabla ya mita 2. Hapo bado kichocho, na sehemu nyingine viboko na mamba.

Kwa hiyo kazi inafanyika mtumbwini. Reki iliyofungwa kamba inatupwa na kuburutwa chini, ikipanda inahesabiwa mimea iliyonaswa. Chombo chenye taya kinashushwa kuchota tope. Kipima oksijeni kinateremshwa kidogo kidogo. Unarudi umechafuka hadi masikioni. Lakini ndiko kunakoonekana kwamba mengi tunayoyasema kuhusu magugu maji yanatokana na kuyatazama kwa juu tu.

Dhana: gugu maji limeshika ardhi, ndiyo maana haling'oki. Halijashika popote. Linaelea, vikonyo vyake vimejaa hewa, na mizizi yake myeusi yenye manyoya inaning'inia majini. Ndiyo maana upepo unalihamisha: jioni ufukwe wa Luchelele uko wazi, asubuhi huwezi kutoa mtumbwi.

Dhana: likiondoka, limeisha. Hii imezaliwa na ile ya kwanza. Limekwenda kwa jirani, na limeacha mbegu kwenye tope. Mbegu hizo zinaweza kukaa miaka hata 20 zikisubiri mwanga na maji ya kina kifupi. Gugu hili la Amerika Kusini lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika kwamba sehemu kubwa iliingia kwa Mto Kagera. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000 za ziwa zima. Baadaye likapungua sana, watu wakapumua. Mwaka 2007 likafurika tena upande wa Kenya.

Dhana: wale wadudu waliomwagwa ziwani watahamia kwenye mahindi na mchicha. Hofu hii naielewa, maana watu wameshaona sangara alivyoletwa na kilichowapata furu, samaki wadogo wa asili aliowala. Ila mbawakavu hawa, ndugu wa fukusi wa ghalani, wamefungwa na gugu maji kwa namna ambayo huwezi kuiona bila kupindua mmea. Mdudu mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, mchana anajificha katikati ya majani, usiku anakwangua jani na kuacha mabaka madogo meupe. Jike anataga ndani ya kikonyo, na buu anatoboa njia kuteremka hadi kwenye moyo wa mmea. Kisha anatoka, anakwenda kwenye mzizi ulio ndani ya maji, anajifumia kifuko kwa vijimzizi na kukibandika kwenye mzizi ulio hai. Humo ndimo anapogeuka kuwa mdudu kamili. Shamba la mahindi halina mzizi unaoelea, kwa hiyo kizazi chake kinakomea hapo. Walijaribiwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiwa katika miaka ya 1990, wakianzia Uganda mwaka 1995. Pamoja na mvua na mawimbi ya El Niño, wana sehemu kubwa katika kupungua kule.

Uchaguzi huo wa chakula una upande wake mbaya, na hapa wengi wanachanganya. Mapema mwaka 2025 vivuko vya Kigongo–Busisi vilihangaika kwa sababu ya gugu jipya, salvinia, na watu wakauliza kwa nini wale wadudu hawalili. Hawalili kwa sababu si mmea wao. Salvinia ni jamii ya kangaga kutoka Brazili, na ina mbawakavu wake mwingine kabisa.

Ukiligeuza gugu hili utaona manyoya ya kahawia yanayofanana na mizizi. Si mizizi, ni jani la tatu lililozama. Wala halina mbegu: vijimbegu vyake havioti. Linaongezeka kwa kuvunjika tu, kila kipande chenye chipukizi ni mmea mpya. Kwa hiyo dhana kwamba kulikatakata kwa panga au kulipitia na injini ni kusafisha ndiyo inayonikera kuliko zote. Umelizalisha, na mawimbi yanasambaza. Kama ni kulitoa, litolewe zima hadi nchi kavu, na nyavu zikung'utwe kabla ya kuhamia mwalo mwingine.

Dhana: magugu yanaua samaki wote. Inategemea samaki gani. Chini ya zulia zito mwanga haufiki, na kipima oksijeni kinaweza kushuka karibu na sifuri. Sangara hawezi kukaa hapo. Kamongo na kambare, wanaopanda juu kuvuta hewa, wanakaa bila shida, na furu wengine wanajificha humo wasiliwe. Konokono wanaobeba kichocho nao wanapapenda.

Halafu si kila jani majini ni adui. Mafunjo, matete na mimea ya asili inayoota chini ya maji ndiyo malezi ya vifaranga vya sato. Kung'oa vyote kwa sababu vinakwaza kokoro, wavu wa kukokota, ni hasara.

Dhana: tukisuka vikapu vya gugu maji na kutengeneza biogesi, litaisha. Vikapu vizuri, hata mimi ninacho. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya mmea huu ni maji, hivyo tani moja ukiianika inabaki chini ya kilo 100. Wakati unaanika, lililobaki majini linaweza kuwa maradufu ndani ya wiki mbili, likilishwa na majitaka na mbolea inayoshuka na mito, Mirongo ukiwemo.