Amira haizibui shimo la kunyonya maji taka

Maji yakianza kurudi chooni au kutuama juu ya shimo la kunyonya, yaani shimo linalopenyeza maji taka ardhini, wengi hukimbilia kumwaga amira, chumvi au unga wa bakteria. Ni imani ya miaka mingi, lakini haigusi tatizo. Bakteria wa kutosha tayari wamo kwenye kinyesi. Kilichoziba ni udongo: utando mweusi unaoteleza umeganda kwenye kuta za shimo, ukilishwa na tope na mafuta yaliyovuka kutoka kwenye tangi la septiki, linalopokea maji taka kabla hayajafika shimoni. Chumvi nyingi huzidi kuuharibu udongo wa mfinyanzi.

Anza kwenye tangi. Funga taulo jeupe kwenye mti mrefu, uzamishe mpaka chini, subiri dakika chache, kisha utoe taratibu. Sehemu iliyopakaa weusi ndiyo kina cha tope. Tope na uchafu unaoelea vikifika theluthi ya kina cha tangi, ita gari la kunyonya. Linaponyonya, tazama bomba la kutokea: maji yakirudi kwa kasi kutoka shimoni, shimo limeshindwa. Kagua pia kiungo cha T cha bomba hilo, maana kikivunjika uchafu unaoelea hupita moja kwa moja. Usiingie ndani kamwe. Hewa yake inaua.

Rekebisha vyoo vinavyovuja na uelekeze maji ya mvua kwingine. Shimo jipya liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kisifikie maji ya ardhini hata wakati wa masika. La zamani likipumzishwa miezi kadhaa, utando huoza na linaweza kutumika tena kwa zamu.