Mwanamke Anayelia: Jinsi Picasso Alivyoyapa Machozi Umbo

Katika Guernica, picha ya Pablo Picasso yenye upana wa karibu mita 7.8, wanawake wanapiga mayowe, lakini hakuna hata mmoja ambaye machozi yanamtiririka. Machozi aliyahamishia kwingine, katika mfululizo wa Mwanamke Anayelia, yaani michoro ya penseli na kalamu za rangi, picha za rangi, na chapa (picha zinazochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba) alizozifanya sambamba na picha hiyo na hata baada ya kuikamilisha, hadi Oktoba 1937. Mimi ninayefundisha uchoraji na uchapaji wa mkono huona kwamba mfululizo huo unatuonyesha, kuliko picha kubwa yenyewe, namna mateso ya vita yanavyoweza kuelezwa kwa mstari mtupu.

Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Ujerumani na Italia, zilizokuwa upande wa Jenerali Franco aliyekuwa akipigana na serikali ya Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Ilikuwa Jumatatu, siku ya soko. Picasso alikuwa Paris, na serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikuwa imekwisha kumwagiza picha ya kuwekwa katika banda lake kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka huo. Habari zilipoenea magazetini, alianza rasimu zake tarehe 1 Mei.

Kyubizimu, mtindo ambao yeye na mchoraji Mfaransa Georges Braque waliuasisi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, haukubuniwa kwa ajili ya kilio. Mada zake za kawaida zilikuwa gitaa, chupa, bomba la tumbaku na gazeti lililowekwa mezani, yaani vitu visivyolalamika mchoraji anapovigawa vipande ili avionyeshe kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Wasomi wengine hukataa kuiita kazi ya 1937 kyubizimu, na kwa maana kali wana haki. Hata hivyo sarufi yake ni ileile, isipokuwa sasa kinachogawanywa ni uso wa mtu. Macho mawili yanapokuwa upande mmoja wa uso uliochorwa kwa ubavu, mtazamaji hapati pa kutulia, kwa kuwa kila anaposhika upande mmoja wa uso, upande wa pili unamvuta.

Tazama chapa kubwa ya Mwanamke Anayelia ya tarehe 1 Julai 1937. Mdomo uko wazi, meno yanaonekana, na ulimi umechongoka kama ule wa mama aliyempakata mtoto aliyekufa katika Guernica. Machozi hayakuchorwa kama maji. Kila chozi lina kichwa na mkia mrefu ulionyooka, mfano wa msumari, na mkia huo unashuka shavuni kama mfereji uliochimbwa katika ngozi. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu katika michoro mingi ya huzuni chozi ni pambo linaloongezwa mwishoni, ilhali hapa ndilo linaloujenga uso mzima.

Ufundi wenyewe unachangia. Picasso alifanya kazi juu ya bamba la shaba na kulipitisha katika hatua saba, akichapa nakala za kila hatua kabla ya kulirudia bamba. Mistari mingine ililiwa na asidi. Mingine aliikwaruza kwa sindano moja kwa moja, mbinu inayoacha kingo za shaba zilizoinuka, ambazo hushika wino na kuufanya mstari uwe mzito na wenye ukungu kidogo. Vivuli vilitokana na unga wa utomvu mkavu uliopashwa moto juu ya bamba kabla ya asidi kumwagwa, na alipotaka kurudisha weupe ilimbidi aikwangue shaba yenyewe. Kwa hiyo alama za maumivu katika uso huu ni majeraha halisi ya bamba, na karatasi ilipokandamizwa kwenye mashine ilifyonza wino kutoka ndani ya majeraha hayo.

Watu hupenda kusema kwamba mwanamke huyu ni Dora Maar, mpigapicha aliyekuwa mwandani wa Picasso na ndiye aliyeirekodi Guernica hatua kwa hatua kwa kamera yake. Sura yake imo bila shaka katika picha ya rangi ya tarehe 26 Oktoba 1937, ile yenye kofia nyekundu na leso, ambayo leo iko katika jumba la sanaa la Tate jijini London. Lakini wanawake wanaolia wamo pia katika vipande vya mwisho vya Ndoto na Uongo wa Franco, chapa alizozianza Januari na kuzikamilisha Juni, na hao ni mama na watoto waliokimbia moto. Kumfanya mwanamke huyu kuwa kisa cha mapenzi tu ni kuiondoa Hispania katika picha. Nami, nikilazimika kuchagua, ninaipendelea chapa ya Julai kuliko picha ya Oktoba: rangi za kofia ile, uzuri wake wote, zinampa mtazamaji mahali pa kupumzisha macho.