Ndizi zilizopinda hazikupigwa marufuku Ulaya

Ule ujumbe wa ndizi umerudi kwenye magrupu: eti sheria za pamoja za Ulaya zilikataza ndizi zilizopinda, ndiyo maana vyama vya kizalendo huko vinadai mamlaka ya nchi zao. Si kweli. Kanuni namba 2257 ya mwaka 1994 ilipanga ndizi mbichi kwa madaraja. Ilitaka zisiwe na "mpindo usio wa kawaida", na maneno hayo ndiyo yaliyozaa mkanganyiko, lakini daraja la pili liliruhusu kasoro za umbo. Tafuta namba hiyo mtandaoni, usome kiambatisho chake. Hoja ya nani atunge sheria, taifa au Ulaya nzima, ni nzito. Haihitaji kubebwa na ndizi. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.