Tairi likichomwa kwenye kiwanda cha simenti, majivu yake huenda wapi?

Yanaingia kwenye mfuko wa simenti. Huo huo wa kilo 50 unaonunua.

Watu wakisikia kiwanda kinachoma matairi wanawaza ule moshi mweusi wa siku za maandamano, wanasema basi tumekwisha. Ila ule weusi ni mpira ulioungua nusunusu, moto wa barabarani joto lake dogo na hewa haiingii vizuri, ndo maana masizi yanajaa. Kwenye tanuri la simenti mwali unafika karibu nyuzi 2000 na mawe yenyewe yanapikwa mpaka 1450 hivi, tena hewa ipo ya kutosha, kwa hiyo masizi yanaungua yote. Na si matairi tu, kiwanda cha Hima kule Kasese, Uganda, wamechoma sana maganda ya kahawa, na Bamburi ya Mombasa imetumia matairi chakavu na pumba za mpunga.

Sasa majivu. Tanuri ni bomba refu la chuma, limelala kwa mteremko kidogo, linazunguka polepole. Mawe ya chokaa na udongo uliosagwa vinaingia upande wa juu, moto unapulizwa upande wa chini, vinakutana humo humo. Ni kama mhogo uliofukiwa kwenye makaa, tofauti ni kwamba wewe mhogo unaukung'uta kwanza, huku hakuna anayekung'uta kitu. Kiwanda kinayataka hayo majivu! Simenti mbali na chokaa inahitaji silika (ile ya kwenye mchanga), alumina (ile ya kwenye udongo) na chuma, na majivu ya pumba za mpunga karibu yote ni silika, halafu zile nyaya za ndani ya tairi ni chuma tayari, mkemia anapunguza tu mchanga au mawe ya chuma kwenye mchanganyiko.

Salfa ya tairi nayo sehemu kubwa inanaswa na chokaa. Kinachosumbua ni klorini, mfano ile ya taka za mabomba ya plastiki ya PVC: chumvi zake zinageuka mvuke kwenye joto kali, zikipanda zinapoa zinaganda kwenye kuta, njia inaziba, inabidi watu waje na hewa ya presha kuzibua. Zebaki ndo mbaya zaidi, haikai kwenye simenti, inapanda na moshi, kwa hiyo taka lazima zichambuliwe kabla.

Na usidhani ukichoma pumba tupu kiwanda kimekuwa kisafi. Karibu asilimia 60 ya kaboni dayoksaidi yake inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likipikwa, uwe umewasha kwa makaa ya mawe au kwa maganda ya kahawa.