Kutrendi si kuongoza

Kitu kikitrendi, maana yake kinatajwa kwa kasi kuliko kawaida yake. Basi, maana ni hiyo tu. Lakini haipiti siku bila kumsikia mtu, tena mara nyingine ni mtangazaji mwenye kipaza sauti mkononi, akituambia kwamba jambo fulani "ndilo linaloongoza kwa kuzungumzwa duniani leo", kisa kaliona juu kwenye orodha ya X, ile iliyokuwa Twitter. Orodha ile haisemi hivyo.

Chukua mada mbili. Ya kwanza hutajwa mara 40,000 kila siku, jana, juzi na mwezi uliopita. Ya pili jana ilitajwa mara 30, leo imefika 3,000. Itakayopanda kwenye orodha ni ya pili, ingawa ya kwanza imeizidi mara kumi na zaidi. Kompyuta haiulizi nani katajwa sana. Inauliza nani kapanda ghafla ukilinganisha na alivyokuwa. Mpira, hali ya hewa na majina ya mastaa wakubwa yangekuwa juu daima kama kigezo kingekuwa wingi mtupu, na orodha isingekuwa na jipya la kumwonyesha mtu.

Twitter ililiona hilo mapema. Orodha ilianza mwaka 2008, na kufikia 2010 jina la mwimbaji Justin Bieber lilikuwa limeganda humo kwa sababu mashabiki wake hawakuwa wanalala. Mwaka huohuo kanuni ambayo kompyuta hutumia kupanga orodha ikarekebishwa ili kasi ipewe uzito kuliko wingi. Bieber akapungua orodhani, ingawa mashabiki hawakuacha kumtaja hata kidogo.

Kisha zikaja lawama. Mwishoni mwa 2010, WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri, ilipoanza kumwaga nyaraka za kibalozi za Marekani, watu walishangaa kutoiona ikitrendi, wakaituhumu Twitter kwa kuificha. Kampuni ikajibu kwamba orodha inatafuta kinachochipuka, si kinachoendelea kuzungumzwa. Mwaka uliofuata malalamiko yakarudi yaleyale kuhusu Occupy Wall Street, maandamano ya Marekani ya kupinga pengo kati ya matajiri na wengine. Jambo linalokua polepole, siku baada ya siku, linajitengenezea kawaida mpya kila asubuhi, na kwa hiyo ghafla yake haionekani. Linaweza kuwa zito kuliko yote na lisitrendi. Hapo ndipo kosa hili linapoacha kuwa la lugha tu, maana mtu anahitimisha kwamba kisichotrendi hakina watu.

Google nao hueleweka vibaya vilevile. Orodha yao ya mwisho wa mwaka ya vilivyotrendi si ya vilivyotafutwa zaidi. Ni ya vilivyoruka zaidi kulinganisha na mwaka uliotangulia. Ile grafu ya Google Trends yenye 0 hadi 100 haihesabu watu wala asilimia ya watu. Ukitazama neno moja, 100 ni kilele cha neno hilo lenyewe ndani ya muda uliouchagua. Neno linalotafutwa na watu wachache mno nalo lina 100 yake.

Na kasi, tofauti na wingi, ni rahisi kuighushi. Watafiti wa chuo cha EPFL cha Uswisi walionyesha mwaka 2021 jinsi ilivyofanyika Uturuki: kundi la akaunti linaandika kwa pamoja ujumbe wenye maneno yaliyookotwa ovyo, ndani yake wamepachika hashitagi moja, kisha wanaufuta papo hapo. Kanuni ilihesabu kilichoandikwa, haikujali kilichofutwa. Ukibonyeza hashitagi unakuta patupu, lakini iko juu kwenye orodha. Walikuta mada za uongo za namna hiyo zaidi ya 19,000, zikipandishwa na akaunti zaidi ya 108,000, baadhi zikiwa ni za watu halisi zilizodukuliwa. Hakuna aliyekuwa anazungumza chochote, na bado "ilitrendi".

Hapo sijagusa suala la orodha ya nani. Kuna ya nchi, ya mji, na kuna iliyopikwa kufuata unaowafuata wewe. Mnaweza kukaa kiti kimoja, kila mtu na simu yake, na namba moja yako isiwemo kabisa kwa mwenzako.

Neno lenyewe sina ugomvi nalo, litumie tu. Ila ukisema kitu kinatrendi, ongeza wapi na tangu saa ngapi. Na kama unachotaka kusema ni kwamba kimetajwa kuliko vyote, hiyo inahitaji hesabu, na hesabu haimo kwenye namba ya nafasi uliyoiona kwenye simu.