Mtoto asiyelala kambini hakui mwoga

Kila likizo ya Juni ikikaribia, magrupu ya wazazi wa Mtwara na Lindi huletewa ujumbe uleule: mtoto asiyewahi kulala kambini (kambi ya likizo ya watoto, mbali na wazazi) kabla ya miaka 12 hukua mwoga, na eti "utafiti wa Marekani umethibitisha". Si kweli.

Kambi za kiangazi za Marekani, zilizoanza miaka ya 1860, huweza kumpa mtoto marafiki na kujiamini, na wengi huzikumbuka hadi uzeeni. Lakini nyingi ni za kulipia. Mara nyingi aliyekwenda ana wazazi wenye uwezo, shule nzuri na mengineyo. Utajuaje kilichomjenga ni kambi? Hapo ndipo pa kuukagua ujumbe: utafiti gani, wa mwaka gani, na waliobaki nyumbani walilinganishwa vipi na waliokwenda? Haujibu hata moja.

Kwetu ujumbe huu huaminika upesi kwa sababu ya jando na unyago, ambako mtoto hutengwa na nyumbani na kurudi akihesabiwa mkubwa (navyo mara nyingi huangukia likizo hiyohiyo). Ila waliofundwa huko walirudi kwenye jamii iliyoendelea kuwalea.

Ukiupokea usiusambaze, mwombe aliyeutuma alete utafiti wenyewe. Na kama ada ya kambi haipo, mpeleke mtoto kwa bibi yake Newala.